Bunduki Isiyolia: Je, Mwenyewe Hana Hatia?

Mwezi huu twataka kuuliza neno moja. Watu wawili wamefanya uzembe ule ule. Uzembe wa mmoja umeua mtu, wa pili haukudhuru hata kuku. Je, huyu wa pili ni mwema kuliko mwenzake? Swali hili hatukulitoa vitabuni. Lilitokea nyumbani kwetu.

Katika utoto wetu palikuwa na gobore la babu, limelazwa darini penye moshi. Wazee walisema, "Limekufa hilo, halina kitu." Siku moja, wakubwa walipokuwa shambani, tulilishusha, tukamwelekezea mdogo wetu kifuani, tukavuta mtambo. Chuma kikagonga chuma, basi, tukacheka. Miaka mingi baadaye, babu alipokwisha kufariki, fundi wa bunduki alilipima gobore lile, akakuta limeshindiliwa: baruti, kitambaa na risasi, vyote vimo. Halikulia kwa kuwa jiwe lake lilikuwa limeanguka, wala baruti ya kuwashia haikuwapo. Mdogo wetu yu hai, ana watoto wake. Lakini uhai wake siku ile ulikuwa juu ya kijiwe kilichopotea.

Labda mtu atasema, "Yawezekanaje baruti ikae miaka yote hiyo?" Yawezekana sana. Gobore hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu, nalo halifunguliwi nyuma kama bunduki za siku hizi. Kwa hiyo mtu hawezi kuona kilichomo. Tena baruti nyeusi, iliyo mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, haifi kwa uzee. Ikikaa pakavu hudumu vizazi na vizazi. Hata iliyolowa yaweza kuwaka ikikauka. Mwezi wa Januari 2013, huko New York, mafundi waliokuwa wakisafisha kutu ya mzinga wa kale walikuta ndani tufe la chuma na baruti zaidi ya gramu 800. Husimuliwa kuwa mzinga huo ulitoka katika manowari ya Kiingereza iliyozama mwaka 1780, nao ulikuwa umewekwa miaka mingi mahali pa matembezi ya watu. Ni watoto wangapi waliouchezea!

Basi, yafaa kuzijua silaha hizi. Ya kale zaidi ni bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi. Ikafuata ya gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma na kutoa cheche. Ya tatu ni ya fataki. Asili ya hii ya tatu ni mchungaji wa Uskoti, Alexander John Forsyth, aliyependa kuwinda ndege. Aliona ya kuwa ndege huushtukia mwako wa gumegume, wakaruka kabla risasi haijawafikia. Akatafuta dawa iwakayo kwa kugongwa, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1807. Na mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia silaha bora zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, lakini yaliacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Zilizosalia katika nyumba za wazee wetu zatazamwa sasa kama mapambo tu.

Turudi kwenye swali letu. Watu husema, "Ajali haina kinga." Ni kweli, lakini jambo lililokuwa na kinga, nayo ikaachwa, si ajali. Kutokujua ni kwa namna mbili: kuna kutokujua neno lisilojulikana, na kuna kutokujua kwa sababu mtu hakutaka kutazama. Kulipima gobore ni kazi ya muda mfupi, wala hakuna aliyeifanya. Walisema "limekufa" kwa kuwa mmoja alisema, na mwingine akamwitikia.

Twakiri neno jingine. Kabla ya kuijua habari ya gobore letu, tuliwahi kumsema kwa ukali mtu mmoja ambaye bunduki ya baba yake ilimwua mtoto wa jirani. Tulimwita mzembe, nasi tulijiona wenye busara. Kumbe kosa lake na letu lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa jiwe tu. Hatusemi mizigo yao ni sawa, maana yeye alikuwa na maiti ya kuzika na jirani wa kumwangukia miguuni, nasi hatukuwa na deni hilo. Lakini aliyenusurika asijihesabu mwenye haki; bahati si wema. Nasi tulikwenda kwa mtu yule, tukamwomba radhi.

Basi ndugu, ukikuta bunduki ya kale nyumbani, ihesabu kuwa imeshindiliwa, hata akiapa mzee. Usiielekeze kwa mtu, usiichokoe, usiitie motoni. Fundi aijuaye hushusha mdeki polepole mtutuni, hutia alama mdomoni, kisha huulaza mdeki nje ya mtutu. Usipofika karibu na tundu la moto, ndani mna kitu. Na ijapokuwa tupu, usidhani yafaa kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka 1884. Nguvu yake yaweza kuupasua mtutu wa kale mkononi mwako. Wapashe habari polisi, waje na mjuzi.

Mwenye kufanya hivi huenda akachekwa, maana mara nyingi bunduki itaonekana tupu. Na acheke atakaye. Kumpenda jirani ni pamoja na kuchukua taabu kwa ajili ya hatari ambayo huenda haipo.