Ardhi Inayoonekana kutoka Angani: Swali la Ufahamu na Haki katika Mbulu na Hanang

Picha ya angani ni picha ya ardhi inayopigwa kutoka kwenye ndege, setelaiti au ndege nyuki, kamera ikiwa imeelekea chini. Kwa mali ya vijijini hutumika kupima mipaka, kukadiria mavuno, kutafuta njia ya maji, kupanga barabara na kumwonyesha mnunuzi eneo kabla hajafunga safari. Setelaiti za kibiashara za leo hutambua kitu chenye upana wa sentimita 30 hivi. Ndege nyuki inayoruka mita mia moja juu ya shamba hutambua sentimita chache tu, kiasi cha kuhesabu mbuzi zizini na nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Uwezo huo umeamsha upya swali lililo la kale kuliko kamera. Je, aliyeiona ardhi yote kwa mtazamo mmoja ameijua? Na kama hajaijua, ana haki gani ya kuamua itumiwe vipi na nani?

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ni mahali pazuri pa kulipima swali hilo, kwa sababu kutoka juu zinatoa picha mbili zilizo kinyume. Mbulu iko kwenye nyanda za juu, ukingoni mwa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara liko chini upande wa mashariki. Katika Kainam na vijiji jirani, eneo ambalo Wairaqw huliita Irqwar Da'aw na ambalo pia hujulikana kama Mama Issara, miteremko imekatwakatwa kuwa vishamba vidogo vilivyobanana. Kusini mwa Mbulu umesimama Mlima Hanang, wenye urefu wa mita 3,420 hivi, na kuuzunguka kuna tambarare za Basotu na Balang'da ambako Wabarabaig, tawi la Wadatoga, wamechunga ng'ombe kwa vizazi vingi. Anayetazama kutoka juu huona upande mmoja ardhi iliyojaa alama za mikono ya watu, na upande wa pili nyasi zilizo wazi hadi upeo wa macho.

Picha ya kwanza inaonekana kama inajieleza yenyewe. Matuta, mifereji, mabonde yaliyolimwa na mapaa ya bati vinaonekana dhahiri. Kisichoonekana ni muda. Mwanajiografia Lowe Börjeson, katika utafiti wake wa mwaka 2004 kuhusu kilimo cha Irqwar Da'aw, aliihoji hoja iliyozoeleka kwamba Wairaqw walilima kwa bidii hiyo kwa kuwa walizingirwa na maadui na kukosa pa kwenda. Alionyesha kwamba mandhari hiyo ilijengwa kidogo kidogo, kwa kazi za kila siku zilizorundikana msimu baada ya msimu: samadi iliyobebwa kutoka zizini, tuta lililoinuliwa kidogo kila mwaka, mfereji uliozibuliwa kila masika. Kamera hunasa matokeo ya kazi hiyo katika sehemu ya sekunde, na mtazamaji asiyeambiwa huona kishamba kidogo chenye bei ndogo.

Makazi ya zamani ya Wairaqw yanaongeza jambo lingine. Nyumba nyingi zilichimbwa kwenye ubavu wa kilima na kuezekwa kwa udongo, paa likawa sawa na mteremko, hata mpita njia aweze kuzipita asizione. Hiyo ilikuwa njia mojawapo ya kujikinga na wavamizi wa mifugo. Kwa watu waliojenga hivyo, kutoonekana kulikuwa sehemu ya usalama wa mali. Bati linalong'aa limeuondoa ulinzi huo. Mtu aliyeezeka bati amejikinga na mvua, na tendo hilo peke yake haliwezi kuhesabiwa kuwa ruhusa ya kupigwa picha.

Picha ya pili, ya tambarare, ndiyo iliyoleta maumivu makubwa. Kuanzia miaka ya 1970 mwanzoni, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano Hanang. Mashamba yalifika saba na kuchukua takriban eka 100,000, ambazo kwa Wabarabaig zilikuwa malisho bora kuliko yote. Kwa mpangaji aliyetafuta mahali pa kupitisha trekta, ardhi ile ilikuwa nyeupe: haina nyumba, haina ua, haina jembe. Wabarabaig waliijua kwa hesabu nyingine. Malisho yao yalitumiwa kwa zamu, kulingana na mvua, udongo, chumvi na maji, na bonde lililoachwa wazi mwezi huu lilikuwa akiba ya mwezi ujao. Kuliondoa bonde moja kwenye mzunguko huo kulivuruga mzunguko mzima, kwa kuwa mifugo ilibanwa kwenye maeneo yaliyobaki na maeneo hayo yakachoka. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kushinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo, kwa hoja kwamba haki yao juu ya ardhi haikuthibitishwa inavyotakiwa kisheria.

Ndani ya tambarare hizo kulikuwa na makaburi. Mzee wa Kibarabaig mwenye heshima huzikwa kwa sherehe ndefu iitwayo bung'eda, na juu ya kaburi lake hujengwa kilima cha udongo kinachoinuliwa kwa awamu kwa muda wa miezi. Baadaye wazao hurudi hapo kuomba na kumkumbuka. Kadiri miaka inavyopita, kilima huota majani na kufanana na kichuguu. Jembe la trekta lilipopita juu ya baadhi ya makaburi hayo, ukoo ulipoteza mahali pake pa ibada pamoja na ushahidi wake mkubwa wa umiliki, kwa maana penye kaburi la babu ndipo mjukuu anapodai kwao. Hakuna ukali wa lenzi ambao ungeweza kutofautisha kilima hicho na kichuguu. Tofauti yao imo katika kumbukumbu ya watu.

Hapo ndipo kosa la kimantiki linapojitokeza. Jicho linaweza kuona nyasi, mti, maji au mnyama. Haliwezi kuona utupu. Mtu anaposema eneo ni tupu, ametoka kwenye kuona na kuingia kwenye kuhukumu: amekosa kuona alama alizozizoea, na kutokana na kukosa huko ameamua kwamba hakuna mwenyewe. Hukumu hiyo ina uzito wa kisheria hadi leo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaja ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika ndani ya tafsiri yake ya ardhi ya jumla, ilhali Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Kati ya tafsiri hizo mbili, swali la nani anayeamua kwamba ardhi haitumiki ni swali la riziki za watu.

Mfano wa jirani unaonyesha kwamba kosa hilo linaweza kuepukwa. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka kwa ndege ndogo juu ya Serengeti kuhesabu wanyama na kufuatilia mienendo yao. Walitambua kwamba mipaka iliyokuwa ikipangwa kwa hifadhi haikulingana na njia za nyumbu. Jicho la angani lilifichua kosa la mstari uliochorwa mezani, na liliweza hivyo kwa sababu lilirudi mara nyingi na kukubali kwamba uwanda usio na nyumbu mwezi mmoja unaweza kuwa kwao mwezi mwingine. Hakuna aliyesema nyumbu wamepoteza uwanda kwa kutoonekana siku ya picha. Haki inadai kwamba ng'ombe wa Mbarabaig na mchungaji wake wapewe angalau mantiki waliyopewa nyumbu.

Dini nazo zina la kusema, kwa kuwa kutazama kutoka juu ni sifa ambayo watu wengi wameihusisha na Mungu. Kwa Kiiraqw, neno Looa lina maana ya jua na pia Mungu, na Looa huhesabiwa kuwa wa kike, mwenye huruma, mpaji wa mvua na uzazi. Chini, kwenye chemchemi na mito, hukaa netlangw, roho za ardhi na maji ambazo hazichezewi. Katika mpangilio huo anayeona yote kutoka juu ndiye pia anayelisha na kulea, kuona kwake na kutunza kwake vikiwa jambo moja. Na ardhi yenyewe si uso mtupu wa kupimwa, maana ina wakazi wasioonekana wanaostahili heshima. Kamera imechukua nusu ya kwanza ya sifa ile, yaani kuona, bila nusu ya pili. Anayeishika kamera ndiye anayedaiwa kuileta nusu hiyo.

Ukristo, uliokita mizizi Mbulu na Hanang kupitia Kanisa Katoliki na Walutheri, una simulizi mbili zinazogusa jambo hili moja kwa moja. Musa alionyeshwa nchi yote kutoka Mlima Nebo, akafa bila kuikanyaga: kuiona kutoka kileleni hakukumfanya mwenye nchi. Daudi, akitembea juu ya dari la jumba lake, alimwona mke wa Uria akioga, na mtazamo huo ukazaa uzinzi na mauaji. Linalostahili kuzingatiwa ni namna nabii Nathani alivyomkemea. Hakuanza na mwanamke wala macho. Alisimulia habari za tajiri mwenye mifugo tele aliyechukua mwanakondoo wa pekee wa maskini. Kwa Nathani, kutazama ua wa mwenzako kutoka mahali asipoweza kukutazama na kuchukua mali ya mnyonge ni mwendo mmoja wenye hatua mbili.

Uislamu umeliwekea jambo hili sheria ya mlangoni. Aya ya 27 ya Surat an-Nur inawataka waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyeji. Mafundisho ya Mtume yanaeleza kwamba kuomba ruhusa kuliwekwa kwa ajili ya macho. Maana yake ni kwamba kizingiti huvukwa na jicho kabla ya mguu. Kwa hoja hiyo, ndege nyuki inayosimama juu ya ua imekwisha kuingia, hata kama haijagusa ardhi, na aliyeituma alipaswa kupiga hodi.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Waswahili husema macho hayana pazia, na kweli hakuna anayeweza kumzuia mpanda Mlima Hanang asiangalie mashamba ya chini. Lakini mpanda mlima huona na kusahau, naye huonekana akipanda, na wenyeji humjua. Kamera huhifadhi, hukuza, hunakili na kupeleka picha kwa watu ambao wenyeji hawatawaona kamwe. Methali inalisamehe jicho la mtu. Haikutungwa kwa ajili ya jicho lisilosahau. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na maskani yake. Urushaji wa ndege nyuki unahitaji kibali cha mamlaka. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya ukusanyaji wa taarifa za watu. Hata hivyo kibali cha ofisini hakichukui nafasi ya hodi ya kijijini, kwa kuwa anayetoa kibali siye anayetazamwa.

Hakuna katika haya kinacholaani picha ya angani yenyewe. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Aliyesimama mtaani aliona tope tu. Kutoka juu ndiko mkondo wake unakoweza kufuatwa hadi ubavu wa mlima ulikoanzia, na ndiko inakoweza kujulikana ni mabonde gani yasijengwe tena. Zanzibar, kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege nyuki kwa ushirikiano wa Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, vijana wa visiwani wakirusha vyombo wenyewe. Mkulima anayetafuta Hati ya Hakimiliki ya Kimila naye hunufaika, kwani picha hupunguza gharama ya kupima na humpa ushahidi mbele ya jirani mwenye nguvu.

Kutokana na mifano hii, masharti ya kuitumia picha kwa haki yanaweza kutajwa kwa utaratibu. La kwanza ni ruhusa: mkutano wa kijiji uambiwe nani anapiga, kwa nini, na picha zitakaa wapi. La pili ni kurudia: ardhi ya wafugaji isihukumiwe kwa picha ya siku moja wala ya msimu mmoja. La tatu ni marejesho: waliopigwa picha waipate nakala na waweze kuisoma. La nne, ambalo mengine yote hulitegemea, ni kwamba picha ikamilishwe kwa miguu. Ramani ichapwe, ipelekwe shambani, na mwenye shamba atembee mpaka pamoja na majirani na wazee, wakitaja mti, chemchemi, njia ya ng'ombe na kaburi. Kila kinachotajwa kiandikwe juu ya picha mahali pake. Baada ya hapo ndipo inapoweza kusemwa kwamba ardhi hiyo imeonekana.