Deni la Maji ya Wote

Katika Nansio, mji mkuu wa kisiwa cha Ukerewe, mtu hana mwendo mrefu wa kufika majini. Penye kipande kidogo cha mchanga watoto huogelea, akina mama hufua, wavuvi huosha nyavu, na mgeni aliyeshuka melini kutoka Mwanza aweza kuvua viatu akaingia ziwani bila kuulizwa jina wala kabila. Hapana mlango wala bawabu. Maji hayapokei cheo: afisa na mchukuzi wakiisha kuacha nguo zao juu ya jiwe, haijulikani tena nani humwamkia nani mjini. Uhuru wa namna hii ni mzuri. Lakini kila uhuru una bei yake, na yafaa tuulize ni nani ailipaye.

Fikira ya kuwa ufuko ni wa watu wote ni ya kale. Sheria za Warumi, zilizokusanywa kwa amri ya Kaisari Justinian na kutangazwa mwaka 533, zilihesabu hewa, maji yatiririkayo, bahari na pwani zake kuwa vitu ambavyo kwa asili ni shirika la wanadamu. Tanzania nayo, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ilikataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini zamani kuliko Justinian, Aristotle alikwisha kuonya kwamba kitu kilicho cha watu wengi kupita vyote ndicho kipatacho uangalizi mdogo kupita vyote. Basi nani msema kweli, Mrumi au Mgiriki?

Ugonjwa wa kichocho, ulioenea sana visiwani humo, hulileta swali hili mwilini mwetu. Mayai ya mnyoo wake hutoka katika haja ya mgonjwa. Yakifika ziwani huanguliwa. Kijidudu huingia ndani ya konokono, huongezeka humo kwa majuma kadhaa, kisha hutoka kutafuta mwili wa mtu na kupenya ngozi bila kubisha hodi. Aliyechafua maji mwezi uliopita na mtoto aogaye leo hawajapata kuonana, wala hawana ugomvi. Hata hivyo mmoja amemdhuru mwenziwe, naye mtoto aweza kuharibikiwa ini kwa miaka. Dawa ipo, na huponya. Lakini aliyepona akirudi katika maji yale yale aweza kuambukizwa tena.

Wako wasemao: tujenge ua, tutoze kiingilio, wenye kulipa waoge kwa salama. Rai hii yapendeza sikioni, lakini ziwa halijui ua, wala konokono hasomi hati ya kiwanja. Ua huzuia maskini, maji hauyazuii.

Wengine humlaumu mchafuzi. Lawama ina haki pale tu palipo na hiari. Mvuvi akeshaye ziwani usiku, akalala mchana mwaloni pasipo choo, amepewa uchaguzi gani? Mwenye kumhubiria usafi bila kumchimbia choo amemtwika mzigo ambao nusu yake ni ya mhubiri. Kwa hiyo deni la ufuko lina sehemu mbili. Muogaji awiwa kutotia majini asichopenda kukutana nacho. Jamii yawiwa kuhakikisha kwamba wema huo wawezekana kutendwa hata na mtu asiye na senti. Choo kilicho nyuma ya mchanga ni sehemu ya ufuko sawasawa na mchanga wenyewe, na ni kazi ya uadilifu kuliko ukuta.

Mrumi, basi, alisema kweli juu ya haki, na Mgiriki juu ya mazoea. Kitu cha wote hakikukosa mwenyewe. Kina wenyewe wengi, na kila mmoja wao awiwa na mtu asiyemjua. Kumfadhili jirani ni wepesi, kwa kuwa jirani hulipa fadhili. Muogaji aliyeepushwa na kichocho hatashukuru kamwe, kwa sababu hatajua aliepushwa na nini, wala nani aliyemwepusha. Wema usio na wa kuushukuru ndio unaotakiwa ufukoni, na pasipo huo hata sheria njema hubaki karatasini.