Programu Yangu Ilimwandikia Bibi Sifuri



Vijana wanaosoma kompyuta huwa wananiuliza: Frateri, kuandika programu nako ni utume? Huwa najibu haraka haraka kwa kumtaja Carlo Acutis. Kijana wa Italia, alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu, alitumia kompyuta kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi ili kila mtu azisome, na tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV akamtangaza mtakatifu. Jibu limeisha, watu wanapiga makofi. Leo nataka kujibu polepole, kwa sababu mimi mwenyewe niliandika programu ya Kanisa, na ikamfukuza bibi mmoja jumuiyani.

Baada ya kumaliza falsafa nilitumwa mwaka wa kichungaji huku Chiola, Nachingwea. Katibu wa zaka alikuwa na daftari lililolowa mvua, kurasa zimenatana, majina mengine yamefutika. Mimi najua Python kidogo, basi nikajitolea. Wiki mbili nilikesha kwa umeme wa sola nikiandika programu ndogo isiyohitaji intaneti: jina, jumuiya, mwezi, kiasi. Mwisho kabisa niliweka sharti ambalo lilinifurahisha kuliko yote. Mtu akiwa na sifuri miezi mitatu mfululizo, jina lake linageuka jekundu.

Katibu akahamisha daftari lote. Nikapeleka orodha steshenari mjini Nachingwea, ikachapwa kwa rangi, na Jumapili moja ya Kwaresima tukaibandika mlango wa kanisa. Majina mekundu yalikuwa 19. Watu walinisifu sana, na sitadanganya, nilivimba kichwa.

Jumapili mbili baadaye katekista akaniuliza kama nimemwona bibi fulani, ambaye hakosi jumuiya hata akiumwa. Nikamfuata nyumbani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, karibu Frateri." Akanipa kigoda. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu alinisomea pale mlangoni. Akaniambia, bibi, wewe hujatoa kitu. Mimi sijui kusoma, na kompyuta haisemi uongo. Lakini mbaazi nilileta, debe, nikalibeba mwenyewe kichwani. Sasa kama hazikufika, mimi nitasemaje? Nikaona bora nikae tu nyumbani."

Jamani, sikuwa na la kujibu. Nilirudi nikafungua lile daftari bovu. Kwenye ukurasa wake, kwa penseli, imeandikwa kabisa: mbaazi, debe. Nikamuuliza katibu imekuwaje. Akanijibu kwa upole, "Frateri, kile kisanduku chako kinakataa maneno. Kinataka namba. Nikaweka sifuri ili kiniruhusu niendelee."

Na halikuwa hilo tu. Huku fedha inakuja na msimu. Ufuta huvunwa katikati ya mwaka, korosho kuelekea mwisho wa mwaka, mazao yanapelekwa ghalani, yanasubiri mnada, halafu ndipo mkulima anasubiri malipo. Mimi nilikuwa nimehesabu Desemba, Januari na Februari kana kwamba kila mtu anapokea mshahara tarehe 25. Miezi hiyo mvua inanyesha, watu wako shambani wanapalilia, chakula nyumbani kinapungua. Hata mwenye bidii kuliko wote angeweza kuwa mwekundu.

Kinachoniuma ni kwamba programu haikuwa na kosa lolote. Niliijaribu mara nyingi, hesabu zilikuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho. Na mimi ndiye niliyefanya mtihani wa falsafa nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake!

Mt. Thomas wa Akwino ana hoja ambayo niliisoma bila kuielewa. Anasema fundi, kama fundi, hasifiwi kwa nia yake bali kwa ubora wa kazi yake. Seremala mwenye moyo safi akikutengenezea kiti chenye mguu mfupi, utaanguka tu, na sala zake hazitakukinga. Kwa hiyo ukiniambia uliandika programu kwa utukufu wa Mungu, bado nitakuuliza kama inafanya kazi. Lakini Thomas anaongeza kwamba ili ufundi utumike vizuri, fundi anahitaji pia utashi mwema. Mimi nilidhani utashi mwema ni kule kujitolea bila malipo. Kumbe ulitakiwa uonekane mapema zaidi, pale nilipochagua kisanduku kipokee nini. Sikukaa na katibu hata saa moja kumwuliza watu wa hapa wanatoa nini, na wanatoa lini.

Hapo namkumbuka Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyetangazwa tarehe 15 Juni 2025. Alikuwa kijana wa miaka 26, mkaguzi wa ubora wa bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili mchele ulioharibika usipite, na mwaka 2007 wakamuua. Kwenye makaratasi ule ulikuwa mzigo wa kugonga muhuri. Yeye alimwona mtu atakayeula. Sijilinganishi naye hata kidogo, mimi hakuna aliyenitisha wala kunihonga. Nilikuwa na haraka tu na nilitaka kusifiwa.

Halafu kuna yule mjane wa Injili ya Marko, sura ya 12. Yesu aliketi mbele ya sanduku la sadaka, akatazama. Programu yangu ingemwandika yule mama na sarafu zake mbili, nadhani, kwa sababu angalau alileta namba. Bibi wa mbaazi isingemwona.

Niliungama. Malipizi niliyopewa sikuyategemea: niende nyumba zote 19, moja moja, nikaombe radhi. Nilienda. Kuna baba mmoja alinifokea vizuri tu, na alikuwa na haki yake. Kwa ruhusa ya Paroko nilisimama pia baada ya matangazo nikasema mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu, si la katibu. Orodha ikabanduliwa.

Programu nimeiandika upya nikiwa nimeketi na katibu. Rangi nyekundu haipo. Kisanduku kinapokea maneno, miezi imeondoka, imekuja misimu. Na hakuna kitu kinachochapwa kwa ajili ya mlangoni.

Bibi alirudi jumuiyani Alhamisi moja baada ya Pasaka. Akataka asomewe kilichoandikwa kwenye jina lake. Katibu akafungua kompyuta, akamsomea: mbaazi, debe moja.

Bibi akatikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Lilikuwa debe, na kisado juu yake."

Katibu akanitazama. Nikamwambia aongeze.