Bunduki Ndogo, Huruma Kubwa?

Mjomba wangu anafuga kuku Kilifi, na kunguru wamemchosha. Kifaranga akitoka tu chini ya bawa la mamake, amekwenda. Juzi akanipigia simu: "Mwanangu, nataka bunduki ya upepo. Lakini nitafutie ile isiyo na nguvu. Sitaki kutesa kiumbe."

Nikamwambia aanze na habari ya leseni. Lakini kauli yake haikunitoka kichwani. Ati bunduki dhaifu ndiyo yenye huruma?

Risasi za bunduki hizi kwa kawaida ni za milimita 4.5 au 5.5. Ile ndogo hunyooka zaidi ikienda. Ile kubwa hugonga kwa uzito zaidi. Lakini bunduki ikikosa nguvu, hakuna inayoua sawasawa. Humvunja ndege bawa, akaenda kufia kichakani. Mpigaji haoni, basi hujidhania mpole.

Kuna watakaouliza, si heri sumu? Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori nchini (KWS) lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni 1, na sumu ikatajwa. Sababu zipo. Kunguru hawa asili yao ni Bara Hindi, na hula mayai na makinda ya ndege wa kwetu. Kwa idadi hiyo bunduki haifui dafu. Kunguru ni mwerevu, mmoja akianguka wenzake washajua. Lakini sumu nayo huchukua saa nyingi kuua, na aliyeitega yuko kwake anakunywa chai. Kama mjomba, naye hajaona kitu.

Kwenye Olimpiki, wapigaji wa bunduki ya upepo husimama mita 10 kutoka kwenye shabaha ambayo kitovu chake ni nusu milimita. Hufanya mazoezi miaka na miaka, na wanachopiga ni shabaha tu, isiyohisi chochote. Sisi tunaolenga kiumbe chenye damu, hata mkebe hatujaujaribu. Nionavyo mimi, mambo tumeyapindua. Aliyekwisha kuamua kuua ana deni kwa anayeuawa: silaha inayotosha, mkono uliozoea, na umbali ambao hakosei. Zaidi ya umbali huo, ashushe bunduki.

Nikampigia tena. "Mjomba, kwanza funika banda kwa wavu. Wakikuzidi bado, tutatafuta bunduki yenye nguvu ya kutosha. Kisha mwezi mzima upige mkebe, nyuma yake kuwe na lundo la mchanga. Siku utakayopata mara 10 kwa 10, ndipo tuongee habari ya kunguru."

"Na nisipopata?"

"Basi Mjomba, huyo kunguru mwache. Hatujifunzii kwenye mwili wake."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza wavu siku hizi unauzwa pesa ngapi mita moja.