Mtoto Akiitwa Mchawi



Mwaka 2012, huko Berlin, Ujerumani, binti Mkongomani Rachel Mwanza alipewa Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu iitwayo Rebelle. Humo aliigiza msichana aliyetekwa na waasi akalazimishwa kuua wazazi wake. Kabla ya filamu hiyo alikuwa akilala barabarani Kinshasa. Wazazi wake walitengana, maisha yakawa magumu, naye akatuhumiwa uchawi na jamaa zake, akafukuzwa nyumbani.

Wengi husema: tazameni, Mungu alimwinua. Amina. Lakini mimi nabaki na swali. Kama watu wa filamu wasingemwona, je, angekuwa na thamani ndogo? Watoto maelfu wa Kinshasa, wale waitwao shege, walifukuzwa vivyo hivyo, na hakuna aliyewaita Berlin.

Sheria iko. Katiba ya Kongo ya 2006 inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inaadhibu. Lakini sheria haiingii ndani ya nyumba usiku, wakati unga umeisha, baba hana kazi, na mtoto wa marehemu dada yako anakojoa kitandani na kupiga kelele usingizini. Hapo shida inatafuta jina. Linalopatikana upesi ni la yatima, mtoto wa kambo, mwenye kifafa. Mimi sijaona bado mtoto wa tajiri akiitwa ndoki.

Sisi watumishi tuna sehemu yetu. Familia moja iliniletea msichana nimwombee. Sikusema ni mchawi. Nilimwekea mikono, nikaomba, nikaenda zangu, nikidhani nimefanya kwa upole. Kesho yake majirani hapa Kizuka, wakikamua mawese, walisema: hata mchungaji ameona. Tangu siku hiyo hakula tena sahani moja na wenzake.

Katika Yohana 9, wanafunzi walipomkuta kipofu wa kuzaliwa walitaka kwanza kujua kosa ni la nani, lake au la wazazi. Yesu alikataa yote mawili. Mimi sikukataa. Nilipaswa kuuliza nyumba ile inakula nini, mtoto analala wapi, nani alifariki njiani tukikimbia.

Nimerudi kwao mara mbili. Mara ya kwanza bibi alinifungia mlango. Mara ya pili alifungua msichana mwenyewe, akaniuliza kama nimekuja kumwombea tena.