Ubao Ulioinuliwa

Weka kipande cha mbao juu ya ubao, kisha uinue ubao huo polepole upande mmoja. Kipande hakitikisiki; msuguano umekishika. Kadiri mwinamo unavyozidi ndivyo nao unavyozidi kushika, mpaka ufike kikomo chake. Hapo kipande huteleza. La ajabu, uzito haukiokoi: kizito na chepesi cha mti ule ule huteleza kwenye mwinamo ule ule, kwani uzito unaokandamiza ndio huo huo unaovuta chini.

Mtunza fedha wa chama chetu cha kuzikana alipokula fedha, nilikuwa wa kwanza kumwita mwizi. Mimi sijawahi kuiba. Lakini, kusema kweli, wala sijawahi kushika fedha za watu huku mwanangu amelazwa hospitali. Ubao wangu haujainuliwa.

Simtetei; fedha zile zilikuwa za wafiwa. Ila kipande kikishaanza kuteleza msuguano hupungua, na hata ukiushusha ubao kidogo hakisimami. Yeye alituambia kwamba alikusudia kukopa mara moja tu. Siku ile nilicheka.