Thamani ya Ushanga

Miongoni mwa masuali ya muamala yanayostahili kutafakariwa na watu wa Banissa, ambao wazee wao wa Kigarre katika karne ya 19 waliongoza misafara ya ngamia baina ya Lugh, kwenye Mto Juba, na nchi ya Waborana, ni hili: je, mtu aliyetoa pembe ya ndovu akapokea kete za ushanga alidhulumiwa, ilhali alichopewa asili yake ni mchanga?

Ni mchanga, naam, lakini uliopita mikononi mwa mafundi hodari. Kusini mwa Bara Hindi, ambako zilitoka nyingi katika shanga za kale zilizofukuliwa Unguja Ukuu, waliuyeyusha pamoja na magadi, wakatia shaba ili upate buluu au wekundu, au risasi na bati ili uwe manjano, kisha wakalivuta bonge lingali moto hata likawa mrija mwembamba wenye tundu, wakaukata vipande vidogo, na mwisho wakavirejesha motoni ndani ya majivu mpaka makali yake yakalainika. Baadaye Venice nayo ikaingia katika biashara hiyo, na katika karne ya 19 shanga zake zilishuka Unguja kwa wingi.

Wala walionunua hawakuwa wajinga. Richard Burton, aliyesafiri bara kwa njia ya misafara ya Unguja mwaka 1857, aliandika kuwa kila nchi ilitaka rangi yake, na tajiri aliyekosea kuchagua alibaki na mizigo isiyonunulika. Basi ridhaa ilikuwapo, na ujuzi pia. Na sheria ya Kiislamu haikuharimisha faida, bali imeharimisha ghushi, mizani ya uongo na kuficha aibu ya bidhaa. Uduni wa asili si hoja, kwani hata mwanadamu, pamoja na kukirimiwa kwake, ameumbwa kwa udongo.

Hata hivyo, ridhaa ya wawili haiwezi kufuta haki ya wa tatu. Katika misafara ya Unguja, mbali na wapagazi wa ujira, walikuwamo watumwa waliobebeshwa pembe, ambao hawakuulizwa neno wala hawakupewa kitu. Na hapo ndipo dhuluma ilipokaa. Kwa hiyo mfanyabiashara mcha Mungu, anunuapo mbuzi au auzapo kitambaa sokoni Banissa, asitosheke kujua kwamba mwenziwe ameridhika, bali achunguze pia ni nani aliyeumia kabla bidhaa haijamfikia, maana hilo nalo limo katika hesabu atakayoulizwa.